Uhariri wa jeni katika ndengu, kunde na alizeti: mambo ambayo mkazi wa Makueni anafaa kujua

Huenda umesikia redioni, kwenye baraza la chifu au sokoni watu wakizungumzia mbegu "zinazohaririwa" kwenye maabara. Wapo wanaosema hizo ni GMO zilizopewa jina jipya. Wapo pia wanaosema ndizo zitakazomaliza shida ya ukame, wadudu na bei ya mafuta ya kupikia. Kauli zote mbili zimetiwa chumvi. Makala haya yanaeleza teknolojia hii inafanya nini hasa, imefika wapi katika mazao ya mafuta na ya jamii ya kunde, sheria ya Kenya inasema nini, na maswali ambayo mkulima na mnunuzi wanafaa kuuliza.

Tuanze na jambo muhimu zaidi kwa mfuko wako. Hadi tunapochapisha toleo hili, hakuna mbegu ya ndengu, kunde, mbaazi, maharagwe, karanga wala alizeti iliyohaririwa jeni inayouzwa madukani nchini Kenya. Mtu akikujia na pakiti na kudai ni mbegu ya aina hiyo, usitoe pesa zako. Ripoti kwa afisa wa kilimo wa wadi yako.

Kwa nini suala hili linatuhusu

Sehemu kubwa ya kaunti yetu ni kavu. Mvua ya vuli, inayoanza Oktoba, ndiyo tunayoitegemea zaidi, na hata hiyo huja na kuondoka upesi. Ndiyo maana ndengu, kunde na mbaazi, au nzuu kama tunavyoziita nyumbani, zimekuwa nguzo ya familia nyingi kuanzia Kathonzweni hadi Kibwezi. Hukomaa kwa maji kidogo, hurutubisha udongo, hutia protini kwenye isyo, na zikiuzwa hulipa karo.

Upande wa mafuta hali ni tofauti. Kenya hununua kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia, hasa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mwaka 2022 tuliona matokeo yake. Vita vya Urusi na Ukraine, nchi mbili zinazoongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti, viliyumbisha soko. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, Indonesia nayo ikasimamisha kwa wiki kadhaa uuzaji wa mafuta ya mawese nje ya nchi. Mama wa Wote au Makindu ambaye hajawahi kufika Jakarta alilipia uamuzi huo dukani.

Kwa hivyo mtu yeyote akisema anaweza kuboresha mazao ya mafuta na ya jamii ya kunde, sisi ni miongoni mwa wanaofaa kumsikiliza kwa makini, na kumuuliza maswali magumu.

Uhariri wa jeni ni nini

Kila mmea una maagizo yake ndani ya seli. Maagizo hayo yameandikwa kwenye DNA kwa kutumia herufi nne za kemikali. Maagizo yote ya mmea kwa pamoja huitwa jenomu, na kila sehemu yenye kazi maalumu huitwa jeni. Jenomu ya mbaazi, ambayo ramani yake ilitolewa mwishoni mwa 2011 na wanasayansi wakiongozwa na taasisi ya ICRISAT, ina herufi takriban milioni 830 na jeni zaidi ya 48,000. Baadhi ya jeni hizo huamua rangi ya ua, nyingine urefu wa mmea, nyingine aina ya mafuta au sukari iliyomo kwenye punje.

Kuhariri jeni ni kubadilisha herufi chache mahali palipochaguliwa katika maandishi hayo marefu. Kifaa kinachotumika zaidi huitwa CRISPR. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kielekezi chenye herufi kama 20, ambacho hutafuta mahali penye herufi zinazolingana nacho. Ya pili ni protini inayofanya kazi kama mkasi, ambayo hukata DNA mahali hapo. Seli ikishaona mkato huo, huuziba yenyewe. Mara nyingi katika kuziba, herufi moja au mbili hupotea au huongezeka, na jeni hiyo huacha kufanya kazi. Ikiwa ilikuwa jeni inayoleta sifa isiyotakikana, lengo limetimia.

Waliovumbua njia hii ya kutumia CRISPR ni Jennifer Doudna wa Marekani na Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2012, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Baada ya mkato, kazi bado ni kubwa. Seli iliyohaririwa lazima ikuzwe kwenye maabara hadi iwe mche kamili. Kisha mche huo huzalishwa, na watafiti huchagua watoto wake ambao wamerithi badiliko lakini hawakurithi kile kifaa cha kukatia. Kifaa kikiwa kimeingia mahali pamoja tu kwenye jenomu, mche ukijichavusha wenyewe, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huwa hana kifaa hicho kabisa. Huyo ndiye anayeendelea kwenye majaribio ya shambani.

Je, hii si GMO?

Swali hili huulizwa kila mahali, na jibu lake linategemea kilichofanywa.

GMO kwa maana iliyozoeleka ni mmea uliotiwa jeni kutoka kiumbe kingine. Mfano ni pamba ya Bt, ambayo serikali iliidhinisha kilimo chake nchini Desemba 2019. Pamba hiyo ina jeni kutoka bakteria ya udongoni inayoiwezesha kujikinga dhidi ya viwavi. Nigeria nayo iliidhinisha mwaka 2019 kunde za Bt, zenye jeni ya bakteria, ili kupambana na kiwavi anayetoboa maganda ya kunde.

Katika uhariri wa jeni, mara nyingi hakuna kitu kigeni kinachobaki ndani ya mmea. Kinachobaki ni badiliko dogo kwenye jeni ya mmea wenyewe, la aina ambayo ingeweza kutokea kwa jua, kwa makosa ya kawaida ya seli au kwa uzalishaji wa kawaida. Lakini kifaa hicho hicho cha CRISPR kinaweza pia kutumiwa kuingiza jeni ya kiumbe kingine. Ikifanywa hivyo, mmea huo ni GMO bila mjadala. Kwa hivyo neno "umehaririwa" peke yake halitoshi. Uliza kilichobadilishwa na kilichobaki.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba kubadilisha jeni za mimea hakukuanza juzi. Tangu karne iliyopita, wazalishaji wa mbegu wamekuwa wakitumia miale na kemikali kuvuruga DNA ya mbegu bila kujua mabadiliko yatatokea wapi, kisha wakachagua miche michache yenye sifa nzuri. Ngano ya Njoro BW1, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2001, ilipatikana kwa njia ya miale. Wengi wetu tumekula chapati zake. Tofauti ya uhariri ni kwamba badiliko hulengwa mahali maalumu badala ya kubahatisha.

Mazao ya mafuta: mfano wa soya na alizeti

Mafuta ya mimea yana aina mbalimbali za asidi. Mbili muhimu ni asidi ya oleiki na asidi ya linoleiki. Mafuta yenye oleiki nyingi hustahimili joto la kukaangia na hukaa muda mrefu bila kuchacha. Yenye linoleiki nyingi huharibika haraka zaidi. Ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachogeuza oleiki kuwa linoleiki, na jeni inayokitengeneza huitwa FAD2. Ukiipunguza nguvu jeni hiyo, oleiki hubaki nyingi.

Kwa miaka mingi viwanda vilitatua tatizo la mafuta ya soya kuchacha kwa kuyatia hidrojeni. Njia hiyo ilizalisha mafuta ya transi, ambayo huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Marekani iliamua mwaka 2015 kuyaondoa mafuta ya namna hiyo kwenye vyakula. Ndipo soya yenye oleiki nyingi ikapata soko.

Mwaka 2019 kampuni ya Calyxt ya Marekani ilianza kuuza mafuta ya soya iliyohaririwa jeni mbili za FAD2. Haikutumia CRISPR bali kifaa cha awali kiitwacho TALEN. Oleiki ilipanda kutoka takriban asilimia 20 hadi karibu asilimia 80. Hiki kilikuwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kabisa vilivyohaririwa jeni kufika sokoni. Hata hivyo biashara yenyewe haikunawiri. Kampuni ililazimika kubadilisha mpango wake wa biashara, na mwaka 2023 ikaungana na kampuni nyingine, Cibus. Hapo pana funzo kwa mkulima: mbegu inaweza kufaulu kwenye maabara na shambani, lakini kama soko halijaandaliwa, haimpi mtu riziki.

Sasa linganisha na alizeti. Alizeti yenye oleiki nyingi ilipatikana katika Muungano wa Kisovieti miaka ya 1970, kwa kutibu mbegu kwa kemikali na kuchagua. Aina hiyo iliitwa Pervenets, na alizeti nyingi zenye oleiki nyingi duniani leo zina asili yake. Katika karanga, sifa hiyo hiyo iligunduliwa Florida, Marekani, miaka ya 1980 kwenye karanga ambazo jeni zake zilikuwa zimebadilika zenyewe. Watafiti wameshahariri FAD2 ya karanga kwenye maabara ili kupata sifa hiyo kwa njia ya haraka.

Maana yake ni kwamba uhariri si njia pekee ya kufika tunakotaka. Mara nyingine ni njia ya mkato tu. Pale ambapo sifa tayari ipo kwenye mbegu ya kawaida, huenda kuitafuta kwa uzalishaji wa kawaida kukawa nafuu.

Eneo jingine ni maganda yanayopasuka. Mkulima yeyote wa ndengu anajua hasara ya kuchelewa siku chache kuvuna kwenye jua kali: maganda hupasuka na punje humwagika chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiel, Ujerumani, walionyesha mwaka 2017 kwamba inawezekana kuhariri jeni inayohusika na kupasuka kwa maganda ya kanola, zao la mafuta la nchi za baridi. Kazi hiyo haijafikia ndengu zetu, lakini inaonyesha aina ya tatizo ambalo uhariri unaweza kulishughulikia: tatizo linalotokana na jeni moja au chache zinazojulikana.

Mazao ya jamii ya kunde: gesi, harufu na vifundo vya mizizi

Wengi wetu tunapenda maharagwe lakini tumbo hulalamika. Chanzo kikubwa ni sukari za jamii ya rafinosi. Utumbo wetu hauwezi kuzimeng'enya, kwa hivyo bakteria wa tumboni huzila na kutoa gesi. Mwaka 2020 watafiti nchini Vietnam walichapisha matokeo ya kuhariri jeni mbili za soya zinazoanzisha utengenezaji wa sukari hizo, na kiwango chake kwenye punje kikapungua.

Habari hii inapendeza, lakini ina upande wa pili. Sukari hizo hizo husaidia punje kustahimili ukavu na kuhifadhi uhai wake hadi ipandwe. Kwa mkulima anayeweka mbegu yake kwenye chungu hadi Oktoba, hilo si jambo dogo. Kabla ya kubadilisha sifa kama hiyo, lazima mbegu ipimwe kama bado itaota vizuri baada ya kukaa ghalani. Jeni moja inaweza kuwa na kazi zaidi ya moja.

Nchini Canada, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamehariri njegere ili kupunguza ile ladha na harufu ya ubichi inayofanya watu wengine wakatae unga wa jamii ya kunde. Lengo ni viwanda vya vyakula vya protini.

Kuhusu kunde, mwaka 2019 watafiti walionyesha kwa mara ya kwanza kwamba CRISPR inaweza kufanya kazi ndani yake. Walizima jeni inayoruhusu mizizi kupokea bakteria wa udongoni, na mizizi iliyohaririwa ikakosa vile vifundo tunavyoviona tukiing'oa mikunde. Hakuna mkulima anayetaka kunde zisizo na vifundo, kwa sababu ndivyo vinavyoleta naitrojeni udongoni. Lilikuwa jaribio la kuthibitisha kwamba kifaa kinafika kinapotakiwa, na la kuelewa jeni hiyo inafanya nini. Tunalitaja ili msomaji ajue kwamba habari nyingi za "kunde zimehaririwa" ni za hatua kama hizi za mwanzo.

Kwa nini ndengu na nzuu ziko nyuma

Kuna sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni ya kisayansi. Ili kuhariri mmea, kwa kawaida lazima uweze kukuza mche mzima kutoka seli au kipande kidogo kwenye maabara. Mpunga na tumbaku hukubali kwa urahisi. Mimea mingi ya jamii ya kunde ni migumu sana katika hatua hiyo. Maharagwe ya kawaida yanajulikana na watafiti duniani kwa ukaidi wake.

Ya pili ni ramani. Huwezi kuhariri maandishi ambayo hujayasoma. Hapa pana habari njema. Ramani ya jenomu ya mbaazi ilitoka mwishoni mwa 2011, za ndengu na maharagwe mwaka 2014, na ya kunde mwaka 2019. Mwaka 2023 ilitolewa ramani kamili zaidi ya njahi, kazi iliyoongozwa na wanasayansi wa Kiafrika na kuihusisha taasisi ya ILRI iliyoko Nairobi. Muungano wa Mazao Yatima ya Afrika, wenye makao Nairobi, nao unasoma jenomu za mazao 101 ambayo makampuni makubwa yameyapuuza.

Ya tatu ni pesa. Utafiti hufuata anayeulipia. Soya na kanola zina viwanda vikubwa nyuma yake. Ndengu huliwa na kuuzwa na wakulima wadogo wa hapa kwetu, India na nchi nyingine za joto, na wengi wao hutunza mbegu yao wenyewe msimu hadi msimu. Kampuni haioni faida kubwa hapo. Ndiyo sababu kazi ya kuboresha mazao haya imebaki zaidi mikononi mwa taasisi za umma kama KALRO, ambayo vituo vyake vya Katumani na Kiboko tunavifahamu.

Kenya haijakaa kando katika teknolojia hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wanatumia uhariri kutafuta mtama unaostahimili kiduha, na KALRO inashirikiana na CIMMYT na kampuni ya Corteva katika kutafuta mahindi yanayostahimili ugonjwa hatari wa MLN. Wataalamu wetu wanao ujuzi. Swali ni mazao gani na sifa gani zitapewa kipaumbele.

Sheria ya Kenya inasema nini

Chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, masuala haya yanasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, NBA. Mwaka 2022 mamlaka hiyo ilitoa mwongozo maalumu kuhusu viumbe vilivyohaririwa jeni. Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo, baada ya Nigeria iliyotangulia mwishoni mwa 2020.

Kwa ufupi, mwongozo unafanya kazi hivi. Mtafiti hueleza NBA alichobadilisha. Ikiwa mmea wa mwisho hauna jeni ya kigeni, unaweza kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida. Ikiwa una jeni ya kigeni, unafuata masharti yote ya GMO, pamoja na tathmini ya usalama na maoni ya umma. Uamuzi hufanywa kwa kila mmea kivyake.

Mbegu iliyochukuliwa kama ya kawaida bado haiingii dukani moja kwa moja. Lazima ipite majaribio ya KEPHIS katika maeneo mbalimbali ili kuthibitisha kwamba ni aina mpya kweli, ina sifa thabiti na inazaa vizuri, kisha ipitishwe rasmi.

Kuna jambo ambalo mkazi anafaa kulielewa vizuri. Kanuni za Kenya zinataka chakula cha GMO kiwe na lebo. Mbegu iliyohaririwa ambayo haikuhesabiwa kuwa GMO haiguswi na kanuni hiyo. Pia hupita mkondo mfupi kuliko GMO. Wanaounga mkono wanasema hilo ni sawa, kwa kuwa badiliko lake haliwezi kutofautishwa na la asili, na gharama ikipungua hata taasisi ndogo za umma zitaweza kutoa mbegu. Wanaopinga wanasema mlaji ana haki ya kujua alichokula, na kwamba mkato unaweza kutokea mahali pasipokusudiwa. Umoja wa Ulaya umekumbana na mjadala huo huo: mahakama yake ya juu iliamua mwaka 2018 kwamba mazao yaliyohaririwa yafuate sheria ya GMO, na mwaka 2023 Tume ya Ulaya ikapendekeza sheria hiyo ilegezwe.

Hapa nchini, Baraza la Mawaziri liliondoa Oktoba 2022 marufuku ya GMO iliyokuwapo tangu 2012, na hatua hiyo ikapelekwa mahakamani. Usichanganye mambo haya mawili. Marufuku ile na kesi zile zilihusu GMO.

Maswali ya kuuliza

Sera ya kilimo na utafiti ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inashughulikia kilimo cha mazao na huduma kwa wakulima. Hata hivyo Katiba hiyo hiyo inampa kila mkazi haki ya kushiriki katika maamuzi ya umma. Mtafiti, kampuni au afisa akija kwenye mkutano wa wadi kuzungumzia mbegu iliyohaririwa, muulize haya:

1. Ni sifa gani imebadilishwa, na jeni gani iliguswa?
2. Je, kuna jeni ya kigeni iliyobaki ndani ya mbegu? Nani amethibitisha?
3. NBA imeamuaje kuhusu mbegu hii? Je, KEPHIS imeifanyia majaribio katika maeneo makavu kama yetu, au katika maeneo yenye mvua nyingi pekee?
4. Sifa nyingine zimeathirika vipi: kuota, muda wa kuiva jikoni, ladha, majani kwa ajili ya mboga, maua kwa ajili ya nyuki?
5. Nani anamiliki hakimiliki ya mbegu na ya teknolojia iliyotumika? Naruhusiwa kutunza mbegu kwa msimu ujao na kumgawia jirani?
6. Soko liko wapi? Mnunuzi wa nje ataikubali?
7. Je, kuna mbegu ya kawaida inayotatua tatizo hili tayari?

Swali la tano ni zito. Ndengu, kunde na maharagwe hujichavusha yenyewe, ndiyo maana mkulima anaweza kutunza mbegu kwa miaka bila kupoteza sifa nyingi. Mbegu bora ambayo mkulima hawezi kuitunza ni mzigo mpya kila msimu. Taasisi ya umma inaweza kuitoa mbegu bila masharti hayo, lakini hilo hujadiliwa mapema, si baada ya mbegu kufika dukani.

Na usiishie kwenye maswali. Sema pia unachotaka. Ndengu hukomaa kwa mafungu, ukalazimika kuchuma mara mbili au tatu. Maharagwe hula kuni nyingi kabla ya kuiva. Fukusi hutoboa kunde ghalani. Wakulima wakinyamaza, mahitaji ya viwanda vya mbali ndiyo yatakayoamua kinachohaririwa.

Kwa sasa, fanya nini

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wakati utafiti ukiendelea, hatua zifuatazo zina manufaa tayari, na hakuna inayohitaji uhariri wa jeni.

Panda mbegu iliyoidhinishwa inayofaa ukanda wetu. Aina kama ndengu N26, zinazojulikana kwa wengi kama Nylon, kunde K80 na M66, na maharagwe KAT B1 zilizalishwa kwa njia za kawaida kwa ajili ya maeneo makavu. Maharagwe ya Nyota, ambayo pia yalizalishwa kwa njia ya kawaida, yana madini mengi ya chuma na zinki.

Kagua stika ya KEPHIS kwenye pakiti. Kwangua na utume namba kwa simu kulingana na maelezo yaliyo kwenye stika, ili uhakikishe mbegu si ghushi. Tunza risiti na pakiti hadi uvune.

Kausha na uhifadhi vizuri. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 317 na kuua 125 katika eneo hili la mashariki, Makueni ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Karanga nazo hushambuliwa na sumu hiyo. Hakuna mbegu, iwe ya kawaida au iliyohaririwa, itakayokuokoa ukihifadhi mazao yakiwa na unyevu. Kausha juu ya turubai, si juu ya udongo. Tumia magunia yasiyopitisha hewa kama ya PICS, ambayo awali yalibuniwa kwa ajili ya kuhifadhi kunde.

Loweka maharagwe usiku kucha na umwage maji yake kabla ya kupika. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji hayo, na maharagwe huiva upesi.

Ukihitaji maelezo zaidi, fika katika ofisi ya afisa wa kilimo wa wadi yako. Ukisikia tangazo la NBA au KEPHIS la kuomba maoni kuhusu mbegu mpya, usidhani ni la wasomi wa Nairobi. Wanaozijua ndengu na nzuu zaidi ni wanaozipanda na kuzila, na maoni yao yanafaa kufika mezani kabla uamuzi haujafanywa.